Salmoni wasiokusudiwa: Kipimo cha vinasaba kinavyoamua hatima ya soko la poloki

RIPOTI YA SOKO
Na Mwandishi Wetu

Meli zinazovua poloki katika bahari za Alaska, kaskazini mwa Pasifiki, zinaweza kuamriwa kusimama huku zikiwa bado na maelfu ya tani katika mgawo wao. Kinachozisimamisha ni samaki mwingine, salmoni, ambaye huingia katika nyavu bila kukusudiwa na ambaye kwa sheria meli hizo haziruhusiwi kumuuza. Wiki hii ukurasa huu unaeleza jinsi wataalamu wanavyotumia vinasaba kujua salmoni hao wametoka mto gani, na kwa nini jibu la maabara hiyo linamhusu kila anayenunua, kuuza au kuwekeza katika samaki wa minofu myeupe.

Poloki wa Alaska ni miongoni mwa samaki wanaovuliwa kwa wingi zaidi duniani. Katika Bahari ya Bering, upande wa Marekani peke yake, kiwango kilichoruhusiwa kuvuliwa kimekuwa kati ya tani milioni 1.1 na milioni 1.4 kwa mwaka katika miaka ya karibuni. Minofu yake iliyogandishwa huuzwa Marekani na Ulaya, hasa Ujerumani. Nyama yake iliyosagwa na kuoshwa, iitwayo surimi, pamoja na mayai yake, hupata bei nzuri Japani na Korea. Kampuni ya McDonald's huitumia minofu hiyo katika mkate wake wa samaki. Kwa bei ya jumla ya kwanza, yaani bei ya bidhaa inapotoka kiwandani, biashara hiyo huzidi dola za Marekani bilioni 1 kwa mwaka.

Wakati huohuo, vijiji vilivyo kando ya mito ya Yukon na Kuskokwim, Magharibi mwa Alaska, vimekaa misimu kadhaa chini ya vizuizi vikali vya kuvua salmoni hata kwa chakula cha nyumbani. Wakazi wake wanauliza kwa nini wao wazuiwe kuvua samaki mmoja mtoni wakati meli zinavua maelfu baharini. Wenye meli nao wanajibu kuwa wengi wa samaki hao si wa mito hiyo. Pande zote mbili zinategemea ushahidi wa aina moja, na ushahidi huo unatoka maabara.

SHERIA INAVYOSEMA

Salmoni wanaoleta mgogoro ni wa aina mbili. Wa kwanza ni chinuki, ambaye ndiye mkubwa kuliko salmoni wote wa Pasifiki na ndiye mwenye bei ya juu. Wa pili ni chamu, ambaye ni mdogo kuliko chinuki lakini huja kwa wingi zaidi. Wote huzaliwa mtoni, hushuka baharini wakiwa wadogo, hukaa huko miaka kadhaa wakila na kukua, kisha hurudi katika mto walikozaliwa ili kutaga mayai na kufa. Wakiwa baharini hukaa katika maji yaleyale ambamo poloki hupatikana, na nyavu za kukokota hazichagui.

Kwa sheria za Marekani, chombo kinachovua poloki hakiruhusiwi kujipatia faida kwa salmoni. Samaki hao huhesabiwa, kisha hutupwa, au walio katika hali nzuri hutolewa bure kwa mashirika ya kugawa chakula kwa wenye shida. Kwa hiyo kwa mwenye meli salmoni ni hasara tupu: anachukua nafasi, anachukua muda wa wafanyakazi, na anapunguza kikomo alichowekewa.

Hali ilikuwa mbaya zaidi katikati ya miaka ya 2000. Mwaka 2005 meli za poloki katika Bahari ya Bering zilivua chamu zaidi ya 700,000. Mwaka 2007 zilivua chinuki takriban 122,000, idadi ambayo haijafikiwa tena. Baraza la Usimamizi wa Uvuvi la Pasifiki ya Kaskazini, ambalo ndilo linalopendekeza kanuni za eneo hilo, lilipitisha utaratibu mpya ulioanza kutumika mwaka 2011.

Utaratibu huo uliweka kikomo cha chinuki 60,000 kwa mwaka, na chini yake kiwango cha nidhamu cha chinuki 47,591. Kikomo hugawanywa kwa misimu miwili, wa kwanza unaoanza Januari 20 na wa pili unaoanza Juni 10, na pia kwa makundi ya meli. Kundi likifikisha kikomo chake, linasimama. Kundi likivuka kiwango cha nidhamu katika miaka 3 kati ya 7 mfululizo, linashushiwa kikomo moja kwa moja. Mwaka 2016 masharti yaliongezwa: endapo salmoni wa Unalakleet, Kuskokwim na sehemu ya juu ya Yukon wakijumlishwa hawafiki 250,000, vikomo hushuka hadi 45,000 na 33,318.

KUHESABU PEKE YAKE HAKUTOSHI

Msomaji ataona kuwa kanuni hizo zinahesabu vichwa tu. Chinuki mmoja ni mmoja, awe ametoka Yukon au ametoka mto wa jimbo la Oregon, maelfu ya kilomita kusini. Kwa mwanakijiji wa Kuskokwim tofauti hiyo ni kubwa mno. Kwa mtunga kanuni pia, kwani kikomo kinachokusudia kuokoa mto fulani kinaweza kubana uvuvi bila mto huo kupata samaki wa ziada.

Zamani wataalamu walijaribu kutambua asili ya salmoni kwa kuangalia magamba yake. Gamba la samaki lina miviringo inayoonyesha jinsi alivyokua mwaka hadi mwaka, na samaki wa eneo moja huwa na miviringo inayofanana kwa kiasi. Njia hiyo ilisaidia, lakini hali ya bahari ikibadilika na ukuaji hubadilika, hivyo kipimo chenyewe hakitulii. Njia nyingine ni kipande kidogo cha waya chenye namba, ambacho vituo vya kutotoleshea vifaranga huwatia salmoni katika pua kabla ya kuwaachia. Hiyo ni nzuri kwa samaki wa vituo, lakini salmoni wa mito ya Magharibi mwa Alaska karibu wote huzaliwa porini, hivyo hawana waya.

Vinasaba vinatatua tatizo hilo kwa sababu kila samaki huzaliwa navyo. Kwa kuwa salmoni hurudi kuzaana katika mto alikozaliwa, jamii za mito mbalimbali zimekaa mbalimbali kwa maelfu ya miaka. Taratibu tofauti ndogondogo zimejengeka katika vinasaba vyao. Tofauti hizo hazionekani kwa macho na mara nyingi hazina maana yoyote kwa maisha ya samaki, lakini maabara inaweza kuzisoma.

KIPIMO KINAVYOFANYIKA

Tangu mwaka 2011 kila meli ya poloki ya Bahari ya Bering inafuatwa na waangalizi, ama ndani ya meli au kiwandani samaki wanapopakuliwa. Salmoni wote huhesabiwa mmoja mmoja. Kwa chinuki, kila samaki wa 10 huchukuliwa sampuli, na kwa chamu kila samaki wa 30. Mwangalizi hupima urefu, huchukua magamba kwa ajili ya kujua umri, na hukata kipande kidogo cha pezi. Kipande hicho hukaushwa na kupelekwa Maabara ya Auke Bay, mjini Juneau, ambayo ni ya serikali ya Marekani.

Utaratibu wa kila samaki wa 10 una umuhimu wake. Mfanyabiashara wa nafaka anajua kuwa ukichoma bambo katika magunia ya mbele tu, utapata picha ya magunia ya mbele. Kabla ya mwaka 2011 sampuli zilichukuliwa kwa kadiri nafasi ilivyopatikana, na meli nyingine hazikuwakilishwa vizuri. Sasa bambo linachoma mzigo wote kwa mpangilio, msimu wote na kila mahali.

Maabara hutoa vinasaba katika kipande cha pezi na kusoma sehemu maalumu ambazo zinajulikana kutofautiana kati ya mito. Kwa chinuki, kazi hiyo kwa miaka mingi ilitumia sehemu 43. Baadaye zikaja mashine zinazosoma mamia ya sehemu kwa mara moja na kwa gharama ndogo zaidi kwa kila samaki.

Matokeo hayo peke yake hayana maana mpaka yalinganishwe na daftari la kumbukumbu. Daftari hilo limetokana na samaki waliokamatwa wakiwa mtoni, tayari kutaga, ambao asili yao haina ubishi. Daftari la chinuki lililoandaliwa na wataalamu wa serikali ya Jimbo la Alaska lina jamii 172, kuanzia Urusi hadi California. Kwa kuwa jamii za jirani hufanana mno, huwekwa katika makundi 11 ya kieneo, kama vile Urusi, Pwani ya Magharibi mwa Alaska, Yukon ya Kati, Yukon ya Juu, British Columbia na Pwani ya Magharibi ya Marekani.

Mfano wa mchele unaweza kusaidia. Mtu mzoefu anayeujua mchele wa Kyela, wa Kilombero na wa Shinyanga akipewa rundo lililochanganywa, hawezi kuapa juu ya kila punje. Lakini akiangalia punje za kutosha ataweza kusema kwa uhakika wa kutosha kuwa nusu ya rundo ni Kyela na robo ni Shinyanga. Programu ya kompyuta inafanya hivyohivyo. Hailazimiki kuhukumu kila samaki peke yake. Inatafuta mchanganyiko gani wa mito ungeweza kuleta vinasaba vilivyoonekana.

Uhakika wa jibu unategemea wingi wa sampuli. Tuseme sampuli ni 2,000 na jibu ni asilimia 50. Kwa hesabu ya kawaida ya takwimu, kosa linaloweza kutokana na bahati ya kuchagua ni kama asilimia 2 juu au chini. Sampuli zikiwa 50 tu, kosa hilo hufika asilimia 14. Ndiyo maana msomaji anapoona ripoti inayotaja eneo dogo au wiki moja tu, ni vema aulize kwanza walipima samaki wangapi.

MAJIBU YALIYOPATIKANA

Kwa chinuki wa Bahari ya Bering, jibu halikuwapendeza wenye meli. Mwaka 2011, ambao ni wa kwanza wa sampuli za mpangilio, meli zilivua chinuki kama 25,500, na takriban asilimia 68 walikuwa wa Pwani ya Magharibi mwa Alaska. Hao ndio samaki wa vijiji vinavyolalamika. Miaka iliyofuata sehemu hiyo ilipanda na kushuka, na katika baadhi ya miaka ilikuwa chini ya nusu, huku samaki wa British Columbia na wa kusini zaidi wakichukua nafasi. Yukon ya Kati na ya Juu kwa kawaida zimekuwa asilimia chache tu.

Kwa chamu, jibu lilikuwa la namna nyingine. Mwaka 2021 meli zilivua chamu karibu 546,000, na malalamiko yakawa makubwa kwa kuwa mwaka huohuo mto Yukon ulikuwa karibu mtupu. Vinasaba vilionyesha kuwa zaidi ya nusu ya samaki hao walitoka Asia. Samaki wa Magharibi mwa Alaska, pamoja na wa Yukon, walikuwa takriban asilimia 9. Wingi wa samaki wa Asia si wa kushangaza. Japani peke yake kwa miongo kadhaa imekuwa ikiachia baharini zaidi ya vifaranga bilioni 1 vya chamu kwa mwaka kutoka katika vituo vyake, na Urusi nayo ina vituo vyake.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kuwa makini, kwani takwimu moja imetumiwa na pande mbili kwa malengo tofauti. Mwenye meli anasema ni asilimia 9 tu. Mwanakijiji anasema ni samaki kama 51,000. Wote wawili wanasema kweli. Mwaka huo chamu wa kiangazi waliopanda Yukon walikadiriwa kuwa takriban 150,000, wakati wastani wa miaka mingi unazidi milioni 1. Asilimia ndogo ya mzigo mkubwa bado inaweza kuwa samaki wengi mbele ya mto ulioishiwa.

HESABU YA PILI: UMRI

Hata hivyo, samaki 51,000 waliovuliwa baharini si sawa na samaki 51,000 waliokosekana mtoni. Wengi wa salmoni wanaonaswa bado ni wachanga. Kama wasingevuliwa, wengine wangekufa kwa kuliwa au kwa maradhi kabla ya kurudi, na waliobaki wangerudi kwa awamu, baadhi mwaka huohuo na wengine miaka miwili au mitatu baadaye.

Mfano wa kubuni utaonyesha hesabu ilivyo. Tuchukue chinuki 10,000 wa mto mmoja. Magamba yao yanaonyesha kuwa 4,000 wangerudi mwaka huu na 6,000 wangekaa baharini zaidi. Tukisema kati ya hao 6,000 saba katika kila kumi wangesalimika, mto ungepata 4,200 miaka ijayo. Jumla ya hasara kwa mto ni samaki 8,200, na zaidi ya nusu ya hasara hiyo itaonekana katika miaka inayofuata. Mfanyabiashara wa kawaida ataitambua hesabu hii, kwani ni ileile ya kushusha thamani ya fedha zinazotarajiwa baadaye, ila hapa kinachoshusha thamani ni vifo badala ya riba.

Wataalamu wakiunganisha vinasaba, magamba na idadi ya samaki wanaorudi, hupata sehemu ya samaki wa mto waliopotea kwa sababu ya meli za poloki. Kwa chinuki wa Magharibi mwa Alaska, tangu kanuni za mwaka 2011 zianze, makadirio yamekuwa chini ya asilimia 3 ya samaki wanaorudi. Katika miaka iliyofuata uvuvi mkubwa wa 2007 athari ilikuwa kubwa kuliko hiyo.

Kwa takwimu hizo, nyavu za poloki peke yake haziwezi kueleza kuporomoka kwa salmoni wa Yukon. Wataalamu wameelekeza macho zaidi kwenye bahari iliyopata joto lisilo la kawaida, hasa kati ya mwaka 2014 na 2019, na kwenye maradhi yanayowadhoofisha samaki njiani. Lakini joto la bahari halina mtu wa kuliwekea kikomo. Meli zina mtu wa kuziamuru, na kwa hiyo ndizo zinazobanwa.

FAIDA ILIYO WAZI: WAPI NA LINI

Matumizi yenye manufaa zaidi ya vinasaba huenda si kugawana lawama, bali kujua wapi na lini pa kuvua. Kwa kuwa kila sampuli ina tarehe na mahali, maabara inaweza kugawa mzigo kwa wiki na kwa eneo. Kwa chamu, imeonekana kuwa samaki wa Magharibi mwa Alaska huwa sehemu kubwa zaidi mwanzoni mwa msimu wa pili, mwezi Juni na Julai, na katika maji ya kusini-mashariki yaliyo karibu na Rasi ya Alaska. Kadiri msimu unavyosonga na meli zinavyoelekea kaskazini-magharibi, samaki wa Asia huongezeka.

Maana yake ni kwamba meli mbili zinaweza kunasa chamu wengi sawasawa na zikawa zimeleta madhara tofauti kabisa. Makubaliano ya wenye meli, ambayo tayari yana utaratibu wa kufunga kwa muda sehemu zenye salmoni wengi, yanaweza kuzipa uzito zaidi wiki na sehemu ambazo samaki wa Alaska ni wengi. Meli pia hutumia nyavu zenye mlango maalumu wa kumwezesha salmoni kutoroka, kwani salmoni huogelea kwa nguvu kuliko poloki.

Hatua hizo zimekwenda pamoja na kupungua kwa salmoni wanaonaswa. Chinuki walikuwa chini ya 7,000 mwaka 2022. Chamu walishuka hadi zaidi kidogo ya 240,000 mwaka 2022, takriban 110,000 mwaka 2023 na kama 35,000 mwaka 2024. Lakini takwimu ndogo ina maelezo mawili. Inaweza kuwa meli zimekwepa vizuri, au salmoni wenyewe wamepungua baharini. Vinasaba na hesabu za mtoni zikisomwa pamoja ndizo zinazosaidia kutenganisha maelezo hayo.

KASORO ZA KIPIMO

Mwekezaji asidhani kuwa maabara imemaliza ubishi. Kwanza, jibu huchelewa. Sampuli hukusanywa msimu wote, husafirishwa, husomwa na kuchambuliwa, na ripoti kamili kwa kawaida hutoka mwaka unaofuata au baada ya hapo. Nahodha anayetaka kujua leo kama salmoni waliomo katika wavu wake ni wa Kuskokwim hawezi kujibiwa leo. Anaongozwa na jiografia iliyopatikana miaka iliyopita.

Pili, kundi la Pwani ya Magharibi mwa Alaska ni pana mno. Ndani yake wamo chinuki wa Norton Sound, wa Yukon ya chini, wa Kuskokwim na wa Ghuba ya Bristol, kwa kuwa vinasaba vyao vinafanana sana. Mto mmoja unaweza kuwa umeishiwa na mwingine ukawa na nafuu, na kipimo kikawajumlisha pamoja. Usomaji wa sehemu nyingi zaidi za vinasaba unalenga kupunguza tatizo hilo.

Tatu, daftari la kumbukumbu likikosa mto fulani, samaki wa mto huo watahesabiwa kwa jirani yake. Nne, kipimo kinajibu swali la asili tu. Hakisemi ni samaki wangapi wanaovumilika kuvuliwa. Hilo ni swali la sera, na hujibiwa na Baraza kwa kupima maslahi ya pande zote.

NANI ANALIPA

Gharama za kukwepa salmoni huonekana katika hesabu za kampuni hata pale kikomo kisipofikiwa. Meli huhama kutoka mahali penye poloki wengi kwenda mahali pasipojulikana, hutumia mafuta zaidi, na huleta samaki wadogo au waliochelewa. Katika msimu wa kwanza, ambao ndio wa mayai, siku chache za kuchelewa zinaweza kupunguza ubora wa bidhaa yenye bei kubwa kuliko zote.

Hatari kubwa zaidi ni kufungwa. Mwezi Septemba 2024 katika Ghuba ya Alaska, ambako uvuvi wa poloki una kikomo chake tofauti, meli mbili zilinasa chinuki wanaokadiriwa kuwa 2,000 kwa muda mfupi. Uvuvi wa poloki wa eneo la kati la ghuba hiyo ukafungwa mapema, na makumi ya maelfu ya tani za mgawo zikabaki baharini. Viwanda vya Kodiak vilivyotegemea msimu huo vilipoteza kazi, pamoja na vile ambavyo meli zao hazikunasa chochote. Vinasaba vya miaka iliyotangulia vimeonyesha kuwa chinuki wa ghuba hiyo wengi wao hutoka British Columbia na pwani ya magharibi ya Marekani, wala si Yukon. Kikomo hakikuuliza.

Yapo pia maslahi yanayogongana ndani ya Alaska yenyewe. Tangu mwaka 1992 upo mpango unaovipa vijiji vya pwani ya Bahari ya Bering sehemu ya mgawo wa uvuvi. Kwa poloki sehemu hiyo ni asilimia 10. Vijiji 65 viko katika mpango huo kupitia makampuni 6 yasiyo ya faida binafsi, na baadhi yamenunua hisa katika meli. Vijiji hivyo hupata ajira, gati na mashine kutokana na poloki. Vijiji vilivyo ndani zaidi, mamia ya kilomita juu ya mto, havimo katika mpango. Navyo ndivyo vinavyotegemea zaidi salmoni anayepanda mto. Poloki ikibanwa, kijiji cha pwani hupoteza mapato. Isipobanwa, kijiji cha bara huona kuwa kimebebeshwa mzigo wote peke yake.

Ukubwa wa mzigo huo unaonekana katika takwimu za mpakani. Mwaka 2022 chinuki waliovuka kutoka Alaska kuingia Kanada kwa mto Yukon walikadiriwa kuwa kama 12,000 tu. Mwezi Aprili 2024 Alaska na Kanada zilikubaliana kusimamisha uvuvi wa chinuki hao kwa miaka 7, yaani mzunguko mzima wa maisha ya samaki huyo, zikilenga kufikisha samaki 71,000 mpakani.

KWA MFANYABIASHARA WA AFRIKA MASHARIKI

Poloki na sangara wa Ziwa Victoria si samaki wa bei moja, lakini wote huingia Ulaya wakiwa minofu myeupe, na mnunuzi mkubwa huangalia jedwali lote la bei kabla ya kutoa oda. Poloki ikipungua sokoni ghafla, wanunuzi hutafuta mbadala. Hilo ni jambo la kufuatilia, ingawa halitoshi peke yake kumfanya mtu aongeze mkopo wa kununua samaki.

Funzo la pili ni la ushahidi. Wenye viwanda vya Mwanza, Kisumu na Entebbe wanakumbuka mwaka 1999, pale Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa Ziwa Victoria kwa hofu ya uvuvi wa sumu. Poloki wa Alaska wamekuwa na cheti cha uvuvi endelevu cha MSC tangu mwaka 2005, na cheti cha aina hiyo hudai takwimu za samaki wasiokusudiwa. Kadiri kipimo cha vinasaba kinavyokuwa rahisi, ndivyo mnunuzi atakavyozidi kudai kuambiwa samaki ametoka maji gani, na muuzaji asiye na jibu atakuwa na wakati mgumu.

MAMBO YA KUFUATILIA

Kwa msomaji anayetaka kulifuatilia suala hili, ukurasa huu unapendekeza mambo manne.

Kwanza, hesabu ya mito mitatu inayotoka baada ya kila msimu. Ikiwa chini ya 250,000, kikomo cha chinuki cha mwaka unaofuata kinashuka, na wanunuzi wa mikataba ya mbele wanapaswa kulijua hilo mapema.

Pili, sera ya chamu. Uchambuzi uliowasilishwa mbele ya Baraza mwaka 2024 uliangalia vikomo vya kati ya chamu 100,000 na 550,000. Ukilinganisha na idadi za miaka iliyotajwa hapo juu, utaona kuwa kikomo cha juu kingefikiwa mara chache sana, na cha chini kingevukwa hata mwaka 2023. Kikomo kinachofuata vinasaba, kwa kuhesabu samaki wa Magharibi mwa Alaska peke yao, kina mantiki nzuri zaidi, lakini kinagongana na kasoro iliyotajwa ya majibu kuchelewa.

Tatu, ripoti za kila mwaka za maabara ya Juneau. Usisome asilimia bila kusoma jumla, na usisome jumla bila kuuliza umri wa samaki.

Nne, wiki za Juni na Julai. Salmoni wakionekana wengi katika wiki hizo karibu na Rasi ya Alaska, tarajia meli kuhamishwa, gharama kupanda na minofu kuchelewa kufika sokoni.